Kalinzi ni nini?

Kalinzi ni neno la Kishi, lugha ya Bashi wa Kabare, Walungu na milima mingine inayozunguka mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC). Ni mapatano ya ardhi. Mtu anampelekea mwami, yaani mtawala wa jadi, au chifu aliye chini yake, ng'ombe mmoja au zaidi mbele ya mashahidi, naye anapewa shamba la kulima maisha yake yote na kuwaachia watoto.

Wengi wakisikia hivyo husema: basi, amenunua. Hapana. Ukishanunua kitu sokoni, wewe na muuzaji mmeachana. Ng'ombe wa kalinzi anawafunga watu wawili pamoja: mtoaji anakuwa mtu wa mwami na kumtii, mwami naye anatakiwa kumtetea jirani akila mpaka wake. Shamba lenyewe haliuzwi kwa mgeni bila mwami kujua. Wala si kukodi, maana kalinzi hailipwi upya kila msimu.

Kukodi kwa Bashi kuna jina lake: bwasa. Mwenye bwasa anaazima kipande kwa muda mfupi, mara nyingi kwa mwenye kalinzi, na kulipa kwa siku za kazi katika shamba la mwenyewe. Sharti moja la bwasa linaeleza yote: usipande kinachodumu. Maharagwe, mihogo, viazi vitamu, sawa. Migomba, kahawa, miti, hapana, kwa sababu mgomba ukishakua ni kama ushahidi kwamba aliyeupanda ana haki pale. Kwa hiyo mwenye bwasa halindi udongo kwa miti hata kama anaona mvua inauchukua. Atampandia nani?

Kwa desturi, kalinzi ilitolewa na mwanaume. Mjane hukaa shambani kwa jina la mwanawe, na asiye na mwana wa kiume hubaki akitegemea huruma ya mashemeji. Mimi naona hili ndilo jeraha kubwa la desturi hii, hata ninapoitetea.

Kisha kuna sheria. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, hata ule unaokaliwa na jamii za vijijini. Ibara ya 389 iliahidi agizo la Rais litakaloeleza haki za watu hao, na miongo ikapita bila agizo hilo. Hapo katikati, mwenye pesa wa mjini aliweza kupata cheti cha uandikishaji wa ardhi juu ya kilima ambacho familia zilikuwa zimekitolea ng'ombe. Mbele ya hakimu, karatasi ilikuwa na nguvu kuliko ng'ombe aliyekwisha kufa.

Ndiyo maana mtafiti wa shahada ya udaktari (PhD) anayekwenda milimani na dodoso lenye visanduku vitatu, umenunua, umekodi, umerithi, atarudi Bukavu na majibu yasiyo sahihi. Mwenye kalinzi ataweka alama popote ili amridhishe mgeni. Afadhali kumuuliza mzee: ulitoa nini, ulimpa nani, unaruhusiwa kupanda nini, nani aliona? Swali la mwisho lisiahirishwe. Walioshuhudia kalinzi za kabla ya 1973 ni wazee sana sasa, wengine walikimbia vita na hawakurudi, na walichokiona hakikuandikwa mahali.