Tao la meno la mtoto: linavyopimwa na linavyopoteza nafasi

Meno ya kila taya hujipanga katika mstari uliopinda, unaoanzia gego la mwisho la upande mmoja na kuishia gego la mwisho la upande wa pili. Mstari huo ndio tao la meno. Wapo wenye tao lililochongoka mbele, wenye tao la umbo la yai, na wenye tao la mraba, ambalo meno yake ya mbele yamekaa karibu katika mstari ulionyooka kutoka chonge hadi chonge. Mgawanyo huu wa maumbo matatu unatumiwa na madaktari wa kupanga meno tangu miaka ya 1930. Unasaidia katika mazungumzo, lakini hautoshi kuamulia matibabu. Watoto wawili wenye tao la yai huweza kuzidiana milimita kadhaa, na milimita ndizo zinazoamua kama jino litapata pa kukaa.

Kwa hiyo hupimwa mambo manne: upana kati ya ncha za chonge mbili, upana kati ya magego ya kwanza ya kudumu, kina cha tao kutoka katikati ya meno ya mbele hadi usawa wa magego hayo, na urefu wa mzingo wenyewe kutoka gego hadi gego.

Mzingo ndio unaotupa wasiwasi zaidi kwa watoto wa umri wa skuli ya msingi. Chonge na magego mawili ya utoto, yakijumlishwa upana, huzidi kidogo meno matatu ya kudumu yanayoyarithi. Mwaka 1947 Hays Nance wa Marekani alieleza akiba hiyo kuwa wastani wa milimita 1.7 kila upande wa taya la chini, na 0.9 kila upande wa taya la juu. Ni ndogo, lakini kwa mtoto ambaye meno yake ya mbele yameanza kusongamana, ndiyo nafasi aliyo nayo.

Akiba hiyo hupotea mapema pale gego la pili la utoto linapong'olewa kabla ya wakati wake. Mzazi huona ni jino la utoto tu, litaota jingine. Litaota, lakini kwa kawaida kati ya miaka 10 na 12, na mtoto ana miaka 7. Nyuma ya pengo lipo gego la kwanza la kudumu, lililoota kwenye umri wa miaka 6 bila jino lolote kung'oka, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhani nalo ni la utoto. Gego hilo husogea mbele na kuliziba pengo, na sehemu kubwa ya nafasi hupotea katika miezi 6 ya mwanzo. Jino linalokuja baadaye hukwama ndani ya taya au hutokea upande wa ulimi.

Mtoto akiumwa na gego la pili la utoto, muulize daktari kwanza kama linazibika au kama mzizi wake unatibika. Ikibidi kung'oa, uliza papo hapo kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi: pete ya chuma inayovishwa jino la jirani, yenye kitanzi kinachovuka pengo. Kifaa hicho kikaguliwe kila baada ya miezi michache, maana gundi ikiachia, chakula hujificha chini ya pete na jino huoza. Kifaa hutolewa pale jino la kudumu lililo chini yake linapoanza kuchomoza.

Upana wa chonge za chini una tabia nyengine. Huongezeka hadi chonge za kudumu zinapoota, karibu miaka 9 au 10, kisha husimama, na ukubwani hupungua kidogo kidogo. Anayezitanua kwa waya wa kupangia meno baada ya hapo, mara nyingi huziona zikirudi waya ukitolewa. Ndiyo maana waya za kiwandani, zilizokunjwa tayari kwa umbo moja, zisilazimishwe kwa kila mtu. Zikunjwe kufuata tao la mgonjwa mwenyewe. Utafiti wa Burris na Harris wa mwaka 2000 ulionesha kuwa Wamarekani weusi wana tao la juu pana na refu zaidi, kwa wastani, kuliko Wamarekani weupe. Hatuwezi kuazima vipimo vya kwengine kwa watoto wa Unguja na Pemba; inabidi tuwapime wenyewe, skulini kwao.

Kipimo kizuri hutegemea kalibu zuri, yaani alama ya meno inayomiminiwa plasta ili kupata nakala yake. Unga wa aljineti, unaoganda kama mpira laini, huchanganywa na maji, hutiwa kwenye trei na kubanwa juu ya meno hadi ugande. Katika joto la kaskazi maji ya mfereji huugandisha kabla trei haijakaa sawa, kwa hivyo tumia maji yaliyopozwa, ya nyuzi 20 hadi 23. Kalibu litolewe kwa mvuto mmoja, lisuuzwe mate, lipuliziwe dawa ya kuua vijidudu na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Plasta imiminwe ndani ya dakika 15 hivi: aljineti hupoteza maji na kunywea. Kalibu la Micheweni halisubiri kufika Chake Chake. Plasta imiminwe hapo hapo skulini.

Kwa plasta ngumu, gramu 100 huchukua maji mililita 30 hivi. Gonga trei polepole ili mapovu yatoke, kwani povu kwenye ncha ya chonge huharibu kipimo. Tenganisha plasta na kalibu baada ya dakika 45 hadi 60. Ukiliacha hadi asubuhi, aljineti hukauka na kuvunja meno ya plasta.

Kila kipimo kichukuliwe juu ya nakala ya plasta kwa kalipa, kifaa cha kupimia milimita, na kurudiwa siku nyengine. Mtoto mwenye meno yaliyooza ubavuni asiingizwe kwenye hesabu ya wastani, kwa sababu jino lililoliwa huacha la nyuma lisogee, na tao huonekana fupi kuliko lilivyoumbwa. Anayenyonya kidole naye aandikwe mbali: tao lake la juu huweza kuwa jembamba kwa sababu ya tabia hiyo.

Kwa mtoto, kuchukua kalibu hakuumi, ila huweza kumtia kichefuchefu. Asile chakula kizito kabla yake. Akae wima, ainamishe kichwa mbele na apumue kwa pua. Mzazi atie saini ya ridhaa kwanza, na kalibu liandikwe namba badala ya jina la mtoto.