Kwa nini TV ya 3D isiyohitaji miwani haifai kibanda umiza?

Ukiwa Moshi asubuhi mlima umefunguka, nyoosha dole gumba usawa wa Kibo, fumba jicho la kushoto, afu badilisha ufumbe la kulia. Dole linaruka, Kibo iko pale pale. Macho yameachana kama sentimita 6 hivi, kwahiyo kitu cha karibu kila jicho linakiona kwa pembe yake, na ubongo ndo unatumia hiyo tofauti kujua kipi kiko karibu kipi kiko mbali. 3D yote ni mchezo huo tu, kila jicho lipewe picha yake. Miwani ya sinema kazi yake kuchuja, ukiitoa basi skrini yenyewe ndo ibebe mzigo.

Ujanja wenyewe ni wa zamani kuliko hata TV. Frederic Ives wa Marekani alipata hataza mwaka 1903: unaweka vizuizi vyembamba vya wima mbele ya picha, jicho moja linachungulia mistari hii, jingine ile. Njia nyingine ni vijilenzi vyembamba vinavyopinda mwanga, na hii ushaiona, ile picha ya Yesu wanayouza machinga, ukiitikisa anafumba macho ukiitikisa tena anafumbua. Picha mbili zimekatwa nyuzi nyuzi zikachanganywa, kinachobadilika ni pembe unayoangalia.

Nintendo 3DS ya 2011, kile kifaa cha gemu cha mkononi, ilitumia njia ya vizuizi. Skrini ya juu ina nukta (vidoti vinavyounda picha) 800 kwa upana ila kwenye 3D kila jicho linaambulia 400, mwanga nao unapungua, na ukisogeza kichwa kidogo tu picha inajigawa mbili. Toleo la 2014 wakaweka kamera inayofuata uso wa mchezaji, ikatulia kiasi.

Sasa ipeleke kibanda umiza Ngarenaro, siku ya Simba na Yanga, mabenchi yamejaa, wengine wamesimama mlangoni, kamera imfuate nani? Dawa ni kurusha picha nyingi kwa pembe tofauti, ila zote zinagawana nukta zile zile. Toshiba walitoa TV ya inchi 20 Japani mwaka 2010, nukta zaidi ya milioni 8, ikarusha pembe 9, kila picha ikabaki na nukta 1280 kwa 720. Na hiyo ni ya kukaa karibu mita moja jamani!

Afu kuna kuumwa kichwa. Macho yanageukiana kama vile mpira umetoka nje ya kioo, huku lenzi ya jicho imefokasi kwenye kioo chenyewe, na kwa kawaida hivyo viwili vinaenda pamoja. Nintendo wenyewe walionya watoto wa miaka 6 kushuka chini wasitumie 3D, na 2013 wakauza toleo lisilo nayo kabisa.

Siku hizi skrini hizi zimehamia mezani kwa wabunifu wa magari na majengo. Ya Sony ya 2020 ina inchi 15.6, inafuata macho vizuri tu, ilitoka kwa bei ya dola 5,000 hivi, na anaiangalia mtu mmoja.