Ndewe za sikio si ushahidi wa nasaba
Barazani Lamu, mtoto mwenye ndewe zinazoning'inia akizaliwa na wazazi ambao zao zimeshikana na shavu, hakukosekani wa kunong'ona kwamba baba si huyu. Mnong'ono huo, ambao kwa maoni yangu ni dhuluma kwa mama wa watu, hutegemea somo la kale la shuleni kwamba ndewe huamuliwa na jeni moja tu, yenye sura inayotawala (kuning'inia) na sura inayofichika (kushikana), hivyo wazazi wenye ndewe zilizoshikana hawawezi kumzaa mwenye zinazoning'inia. Utafiti wa mwaka 2017 uliihusisha hali ya ndewe kushikana au kuning'inia na maeneo 49 ya jenomu, yaani jumla ya urithi wote wa mtu, na ukizikagua ndewe za watu wa ukoo mmoja utaona nyingine zimeshikana nusunusu. Rangi ya ngozi nayo huchangiwa na jeni nyingi, hata mtoto akaweza kuwapita wazazi wote wawili kwa weusi.