Drili ya betri ikikosa nguvu, anza kupima kwenye betri

Drili inayozunguka vizuri hewani kisha inakata ghafla ikishika mbao ngumu, mara nyingi mota yake ni nzima. Katika mashine nyingi ninazoletewa zikiwa na dalili hiyo, tatizo huwa kwenye betri, au kwenye vibati vinavyopitisha umeme kutoka betri kwenda kwenye mashine. Kwa hiyo kabla sijagusa skrubu yoyote, nachukua mita ya kupimia volti.

Betri ya volti 18 ina seli tano za lithiamu, yaani betri ndogo za ndani, zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli huhesabiwa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Tano mara 3.6 ni 18; tano mara 4.2 ni 21. Ndiyo maana betri iliyoandikwa 20 na iliyoandikwa 18 kwa kawaida huwa na seli zilezile, ila mtengenezaji mmoja ameandika volti za betri iliyojaa na mwingine za wastani. Namba hiyo isikufanye uongeze hela. Angalia ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi. Betri ya 5 mara nyingi ina safu mbili za seli zilizo sambamba, na faida yake haiishii kwenye kudumu muda mrefu: mkondo unagawanyika, seli hazichemki haraka, na volti hazishuki sana unapobana kazi. Grinda na msumeno wa mviringo huonyesha tofauti hiyo wazi kabisa.

Sasa kupima. Betri ikijaa, iache itulie kidogo, kisha weka mita kwenye chanya na hasi. Ukisoma kati ya 20 na 21, usishangilie bado. Seli iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika na kuanguka mara tu inapotakiwa kutoa mkondo. (Baadhi ya betri hazitoi umeme wowote kwenye ncha mpaka zitambue mashine au chaja, kwa hiyo sifuri pekee haitoshi kusema imekufa.)

Mimi huipa mzigo. Nachukua taa mbili za gari za volti 12 na wati 55, naziunganisha kwa mfululizo, kisha kwenye betri kwa waya mnene, mita ikiwa palepale. Hapo zinavuta kama ampea 4. Betri nzima hushuka kidogo, kwa kawaida isiyofika volti moja, halafu inatulia. Iliyochoka inaporomoka mbele ya macho yako: 20, 18, 16. Ikikaribia 15, chomoa mara moja, kwa sababu kuna betri ambazo ulinzi wake wa chaji kushuka uko ndani ya mashine, si ndani ya betri yenyewe. Taa hizo huchoma, na waya za chanya na hasi zisigusane hata kidogo.

Mara nyingi seli nne ni nzima na moja tu ndiyo imebaki nyuma. Hiyo moja ikifika chini, ulinzi unakata umeme wa betri yote, nawe unadhani drili imekufa. Wapo wanaoifufua betri ambayo chaja imeikataa kwa kuiunganisha na betri nzima kwa vipande vya waya. Nakusihi usifanye hivyo. Seli ya lithiamu iliyokaa imeisha kabisa, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiirudishia chaji shaba hiyo inaweza kujenga njia ya shoti humohumo ndani. Chaja imekataa kwa sababu ya maana.

Betri ikifaulu mtihani wa taa, hamia kwenye vibati. Ukinzani (kizuizi cha umeme kupita) wa omu 0.05 ni mdogo sana, lakini drili ikivuta ampea 30 hapo unapoteza volti 1.5 na kuzalisha wati 45 za joto mahali padogo kama ukucha. Tafuta plastiki iliyobadilika rangi au kulainika. Safisha kwa spiriti na mswaki. Msasa unaondoa ile ngozi ya juu ya chuma na kutu hurudi haraka. Kibati kilicholegea kibane taratibu kwa koleo ndogo, betri ikiwa imetolewa.

Baada ya hapo ndipo mota. Zile za kaboni, yaani zenye vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, hukupa dalili: cheche nyingi, harufu ya kuungua, au mota kuanza kuzunguka ukiigonga kidogo. Badilisha kaboni zote mbili pamoja. Mota isiyo na kaboni ikitetemeka bila kuzunguka, kosa mara nyingi huwa kwenye vihisi au bodi yake ya umeme, na mara nyingi hubadilishwa nzima.

Kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji ni tabia ya enzi za nikeli-kadimiamu. Lithiamu inaumizwa nayo. Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0, wala iliyotoka kuchemka kwenye grinda. Subiri ipoe. Ukiiweka muda mrefu, iache na nusu ya chaji mahali pa baridi, si ndani ya gari juani. Na iliyovimba au kuvuja, ziba ncha zake kwa utepe, iweke nje mbali na vitu vinavyowaka, kisha ipeleke kwa wanaopokea betri chakavu. Isiingie kwenye pipa la taka.