Je, wajua kwa nini lengo lililoandikwa vizuri huishia kwenye daftari?

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya ujasiriamali, huenda umeisikia hadithi hii. Mwaka 1953, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani waliulizwa kama wana malengo ya maisha waliyoyaandika. Asilimia 3 tu ndio walikuwa nayo. Miaka 20 ikapita. Mwaka 1973 watafiti wakawatafuta wale wahitimu, wakakuta utajiri wa ile asilimia 3 unazidi wa asilimia 97 waliobaki ukijumlishwa wote. Basi, kijana, andika malengo yako.

Mimi niliisikia ukumbini Dar es Salaam, nikaiamini moja kwa moja, na kwa miaka kadhaa nikawa nawasimulia wengine. Siku ile ile nilinunua kaunta buku, nikaandika kwa wino mwekundu: "Mwaka huu nitaweka akiba ya shilingi milioni 2." Nikaukata ukurasa, nikaubandika kwa ndani kwenye mlango wa kabati la nguo ili niuone kila nikivaa. Kwa miezi kumi na miwili niliuona kila asubuhi. Desemba ilipofika nilikuwa na 140,000.

Nilidhani tatizo ni mimi. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba utafiti ule haukuwahi kufanyika.

Mwaka 1996 jarida la biashara la Marekani, Fast Company, liliamua kuufuatilia. Liliwauliza walimu mashuhuri wa motisha waliokuwa wakiusimulia: mmeutoa wapi? Mmoja akasema aulizwe mwenzake, mwenzake akamtaja wa tatu, na wa tatu akawarudisha kwa yule wa kwanza. Chuo chenyewe kilipoulizwa, hakikuwa na kumbukumbu yoyote ya utafiti kama huo, wala wahitimu wa 1953 hawakukumbuka kuulizwa maswali hayo. Hata hivyo hadithi haikufa. Ilihama chuo tu. Siku hizi utaikuta ikisimuliwa kuwa ni ya Harvard, mwaka 1979, lakini asilimia 3 ni ile ile.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hata kama utafiti ungekuwa wa kweli, usingethibitisha kile tunachoambiwa. Fikiria wahitimu wa Yale wa miaka ile. Walikuwa wanaume watupu (wasichana walianza kupokelewa katika shahada ya kwanza mwaka 1969) na wengi walitoka familia zenye uwezo. Ukijumlisha mali za kundi zima, mrithi mmoja wa kiwanda anatosha kuinua hesabu ya upande wake, awe ameandika lengo au hajaandika. Pia kijana ambaye baba yake amekwisha kumwandalia kiti ofisini ana kila sababu ya kuandika lengo lililo wazi: analiona liko mlangoni. Huyo kalamu haijamtajirisha.

Kinachoniuma zaidi ni namna hadithi hii inavyomwacha mtu aliyeshindwa. Kama siri ni kuandika, basi ambaye hakufanikiwa hakuandika, au hakuandika kwa imani ya kutosha. Mama ntilie aliyefunga kibanda kwa sababu barabara ilihamishwa anaambiwa akanunue daftari.

Sisemi kuandika hakuna faida. Gail Matthews, mwanasaikolojia wa Dominican University of California, alipogundua kwamba utafiti wa Yale ni hewa, aliamua kufanya wa kwake. Baada ya wiki nne, walioandika malengo walikuwa wamesonga mbele kuliko waliofikiria tu kichwani, na waliomtumia rafiki taarifa kila wiki walisonga zaidi. Ila wiki nne ni chache, na waliopima mafanikio ni washiriki wenyewe. Ushahidi ni mwembamba, nami nauchukua kwa kadiri hiyo.

Ushahidi mzito uko kwingine, na unaanzia kwenye malori ya magogo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Gary Latham na mwenzake walichapisha habari za madereva wa Oklahoma waliokuwa wakibeba magogo kutoka msituni. Sheria iliruhusu uzito fulani, lakini malori yalikuwa yakitoka na kama asilimia 60 tu ya uzito huo. Kuwaambia madereva wajitahidi kadiri wawezavyo hakukubadili kitu. Wakapewa namba: asilimia 94. Nyongeza ya mshahara haikuwepo, na waliahidiwa kwamba atakayeikosa hataadhibiwa. Ndani ya miezi michache mizigo ikapanda kupita asilimia 90, na baadhi ya madereva wakaanza kurekebisha malori yao kidogo ili waweze kukadiria uzito vizuri zaidi wakati wa kupakia.

Mimi huiangalia ile 94 kwa makini. Kwanza haikuwa 100, maana magogo hayalingani ukubwa, na anayekaza mpaka ukomo atazidisha na kutozwa faini. Pili, ilihesabu kitu ambacho dereva ana mamlaka nacho pale anaposimama na lori lake: aongeze gogo jingine, au aondoke. Hakuna aliyemwambia apandishe bei ya mbao sokoni.

Sasa rudi kwenye karatasi yangu ya kabatini. "Milioni 2" ilitegemea kazi za uchapaji nilizoletewa, wateja wangapi wamelipa kwa wakati, na kama kuna msiba nyumbani. Zaidi ya hapo, haikuniambia nifanye nini saa ngapi. Hili la pili ndilo lililokuwa limenipita kabisa, na limefanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka 25.

Mwaka 1997 wanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, waliwaomba wanafunzi waandike taarifa fupi jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi, na waiandike ndani ya siku mbili baada ya mkesha huo. Fikiria, ni sikukuu, nyumba imejaa wageni. Nusu yao waliombwa kuongeza jambo moja tu: wataje saa gani na mahali gani wataketi kuandika. Katika kundi lisilotaja, kama theluthi moja tu ndio walioandika kwa wakati. Katika lililotaja, zaidi ya theluthi mbili. Mwaka 2002 huko Uingereza jaribio kama hilo lilifanywa kwa mazoezi ya mwili, kipindi kimoja tu kwa wiki. Walioachwa hivi hivi, asilimia 38 walifanya. Waliosomeshwa hatari za ugonjwa wa moyo ili wahamasike, asilimia 35. Waliosomeshwa vile vile kisha wakaandika siku, saa na mahali, asilimia 91. Ni kweli walijieleza wenyewe, hakuna aliyewafuata na saa mkononi, lakini pengo hilo ni kubwa. Gollwitzer na Paschal Sheeran walipokusanya majaribio 94 mwaka 2006, picha kwa ujumla ilikuwa ile ile.

Kwa nini sentensi moja ya saa na mahali ifanye kazi ambayo hamasa imeshindwa?

Chukua daladala. Umepanda Mbagala jioni, umechoka, gari limejaa, na unashuka kituo ambacho hukijui vizuri. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukesha: unachungulia kati ya mabega ya watu, kila gari likisimama unajiuliza kama ndipo, ukisinzia kidogo umepitishwa. Ya pili ni kumwambia konda: "Tukifika Bamaga nishushe." Baada ya hapo unaweza hata kulala. Hamu yako ya kufika ni ile ile, wala hujaongezewa nguvu. Umekabidhi tu kazi ya kuangalia. Kituo kikifika konda anagonga bati na kuita, nawe unajikuta umeshasimama kabla hujaanza kujadiliana na usingizi.

Lengo la "nitaweka akiba" ni safari ya kukesha. Siku nzima inakubidi uwe macho kuona kama sasa ndio wakati, na kila mara unapaswa kuamua upya, mara nyingi ukiwa umechoka na mtu amekupigia simu ana shida. Mpango wa "nikifika pale, nafanya hiki" unakabidhi zamu kwa kile kituo. Watafiti waliona kwamba mtu akishafunga tendo kwenye ishara fulani, ishara hiyo huonekana kwa urahisi zaidi inapotokea, na tendo huanza haraka bila kufikiria sana. Watu wa pwani wanaielewa hali hii bila maabara: muadhini haulizi kama una hamu ya kuswali. Wakati umeingia, sauti imetoka, mwili unaelekea kwenye maji ya udhu.

Mfano huo wa konda unabeba na mipaka yake. Ukimwambia akushushe "mahali pazuri", hatakushusha popote, na ndivyo ilivyo kwa "nikipata nafasi" na "mambo yakitulia", vituo ambavyo haviko kwenye ruti yoyote. Ukimtajia vituo kumi atavichanganya: kuna utafiti wa mwaka 2012 ulioonyesha kwamba kupanga hivi kwa malengo mengi kwa wakati mmoja humfanya mtu aone ugumu wa yote na kulegea. Mwalimu Nyerere alipowasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mwaka 1969 alisema kupanga ni kuchagua, na alikuwa akisema juu ya nchi nzima, lakini hata kwa mtu na siku yake sioni namna ya kulikwepa. Na konda hawezi kuitaka safari kwa niaba yako. Mpango husaidia pale ambapo mtu kweli analitaka jambo. Kwa mazoea ya zamani yaliyoota mizizi, kama kula ovyo usiku, matokeo hushuka.

Dada yangu anauza vitumbua barazani kwake Temeke. Zamani lengo lake lilikuwa kuuza vitumbua 200 kila siku. Wakati wa masika, mvua ikikamata alfajiri, wapita njia hawapo, anarudi na sufuria la unga uliochacha na uso umekunjamana. Alianza kukata tamaa kabisa, akisema biashara haina baraka. Nilimwambia, "Dada, mvua huiwezi. Kilicho chako ni nini?" Alifikiri, akasema: kuloweka mchele kabla ya kulala, na chuma kiwe motoni saa 11 na nusu, kabla makondakta hawajaanza kupita. Sasa anapima hivyo viwili tu. Ishara yake ya kuloweka ni vyombo vya chakula cha jioni: sahani ya mwisho ikishaoshwa, beseni hilo hilo linapimiwa mchele, nazi inatengwa, iliki inawekwa juu ya kifuniko ili isisahaulike. Idadi ya vitumbua bado anaihesabu, maana lazima ajue aloweke kiasi gani kesho, lakini haitumii tena kujihukumu. Sitadai kwamba mauzo yamepanda sana. Masika ni masika. Ila tangu aanze hivyo, siku ambazo hakufungua kabisa zimekuwa chache mno, na wateja wa asubuhi wamejua kwamba yupo.

Kukigawa kikubwa nako kuna ushahidi wake. Mwaka 1981 wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk waliwapa watoto waliokuwa wakishindwa hesabu za kutoa kitabu cha kurasa 42 na vipindi saba. Wengine waliambiwa walenge kukimaliza chote, wengine kurasa 6 kila kipindi. Kazi ni ile ile, 6 mara 7 ni 42. Wa kurasa 6 ndio waliojifunza zaidi na kuanza kuzipenda hesabu zenyewe, kwa sababu kila kipindi kiliwaonyesha kwamba wanaweza.

Nami nilibandua ile karatasi ya kabatini. Nilinunua kibubu cha mbao pale Kariakoo, nikakiweka juu ya friji, na pembeni yake nikapigilia msumari wa kutundikia funguo. Mpango ukawa sentensi moja: nikitoka kazini, nikitundika funguo, kabla sijakaa, natia shilingi 3,000. Siku ya kazi tu, Jumatatu hadi Jumamosi. Milioni 2 sikuitaja tena. Elfu tatu ilikuwa ndani ya uwezo wangu hata siku ambayo mteja hajalipa, kwa sababu niliipanga nikiwa na siku kama hizo akilini.

Zilikuwapo jioni nilizoikosa. Nilisafiri, niliugua, na wiki moja tulikuwa na msiba Tanga. Niliporudi funguo zilienda msumarini, na mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Mwisho wa mwaka nilikivunja kibubu mezani pamoja na watoto, tukazipanga noti kwa mafungu. Zilitimia 870,000, yaani jioni 290. Asubuhi yake nilirudi Kariakoo kununua kibubu kingine.