Soneti ya 18 darasani: sikio kabla ya kamusi

Mwalimu anayewafundisha wazungumzaji wa Kiswahili mashairi ya kale ya Kiingereza mara nyingi huanza kwa kuandika ubaoni orodha ya maneno magumu, na hapo ndipo somo linapopoa. Sisi tunaowaandaa walimu wa lugha tunashauri shairi lisikiwe kwanza, ndipo kamusi ifunguliwe. Tuchukue mfano wa soneti ya 18 ya William Shakespeare, iliyochapishwa London mwaka 1609.

Mwanafunzi aliyekulia katika mashairi ya Kiswahili haji mikono mitupu. Vina anavijua, mizani anaijua, na akiambiwa kwamba soneti ina mishororo 14 yenye mizani 10 kila mmoja, hujiona yuko nyumbani. Kumbe sisi huhesabu silabi tu, wala mkazo hautushughulishi, kwa kuwa karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Katika Kiingereza mkazo huhamahama, nao ndio unaobeba mahadhi: silabi nyepesi hufuatwa na nzito, mara tano katika kila mshororo. Darasa na lisome "Shall I compare thee to a summer's day?" likigonga meza kwenye silabi nzito. Anayeongeza irabu baada ya kila konsonanti, akasema "rafu windizi" badala ya "rough winds", atakuta mshororo wake umenenepa karibu maradufu, na atalitambua kosa bila kukaripiwa.

Vina navyo vina mtego wake. Mshororo wa pili unaishia na "temperate" na wa nne na "date", maneno ambayo kwa matamshi ya leo hayaoani. Mwanafunzi asidhani ulimi wake ndio wenye kasoro. Matamshi ya Kiingereza ndiyo yaliyobadilika tangu wakati huo, na hata mizani 10 haitimii mpaka neno hilo la kwanza litamkwe kwa silabi tatu kamili.

Kuhusu maana, "thou" na "thee" hazihitaji hotuba: ni "wewe" wa umoja, ambaye Kiingereza cha kawaida kimempoteza na sisi bado tunaye. Kinachodai muda ni hiyo siku ya "summer". Ukiiita siku ya kiangazi, msomaji wa Dodoma au Garissa ataona vumbi, mabwawa yaliyokauka na ng'ombe waliokonda, na kumfananisha umpendaye na hayo ni karibu na kumtukana. Uingereza majira hayo ni mafupi na hungojewa kwa hamu baada ya miezi ya baridi na jua linalotua mapema. (Hata Mei inayotajwa humo si Mei yetu hasa, maana kalenda ya Uingereza wakati huo ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 10.) Ndiyo maana katika mshororo wa nne mshairi analalamika kwamba "lease" ya majira hayo ina muda mfupi mno. Neno hilo ni la mikataba ya pango, na mwanafunzi anayeishi nyumba ya kupanga hatahitaji kamusi kulihisi.