Kulipia Akili Unde Hakufichi Siri za Mteja Wako

“Mimi nalipia ChatGPT, kwa hivyo stakabadhi za wateja wangu ziko salama.” Wahasibu na mawakili wa Nairobi hawachoki kuyasema maneno haya, nayo si kweli. Kifurushi cha Plus cha dola 20 kwa mwezi kinakupa nafasi kubwa zaidi ya matumizi na modeli (programu zinazotunga majibu) zenye uwezo zaidi. Usiri haumo. Plus na toleo la bure zote ni akaunti za mtu binafsi: usipobadilisha kitu, mazungumzo yako yanaweza kutumika kufunza modeli zijazo. Ni vifurushi vya biashara ambavyo, kwa kawaida, data yake haitumiki hivyo.

Mwenye akaunti ya kibinafsi, iwe ya bure au ya kulipia, aingie kwenye mipangilio, afungue udhibiti wa data, kisha azime swichi ya kuboresha modeli. Hailipiwi. Ila kuzima leo hakugusi yaliyokwisha kuchukuliwa jana. Tena ukibonyeza alama ya kidole gumba kulisifu au kulikosoa jibu, mazungumzo hayo yote yanaweza kutumika kufunza modeli hata swichi ikiwa imezimwa. Kwenye kazi ya mteja, usikiguse kidole hicho.

Hata hivyo, maandishi yenyewe yamekwisha kufika kwenye seva za watu wengine. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, wajibu kwa mteja unabaki kwako, uwe umelipia au hukulipia. Kabla ya kubandika chochote, ondoa jina, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA na nambari ya simu. Andika “Mteja A”. Kwa barua au uchambuzi wa hesabu, jibu litakuwa zuri vilevile. Nasisitiza hili kuliko yote.

Yako madai mengine ya aina hii. “Akili unde ya kulipia haidanganyi.” Hudanganya, tena kwa ufasaha. Kila kesi inayokutajia, itafute kwenye tovuti ya Kenya Law, inayochapisha hukumu za mahakama. Usipoiona, iondoe.

“Ya kulipia haina kikomo.” Inacho. Kwenye huduma kama Claude, akili unde nyingine, urefu wa mazungumzo hula mgao wako wa matumizi, kwa sababu kila swali jipya huifanya modeli ipitie upya yote yaliyotangulia. Ukibandika ripoti ya kurasa 80 kisha ukauliza vijiswali kimoja kimoja, mgao utaisha mapema. Yaulize maswali pamoja, na kazi mpya ianzie mazungumzo mapya.

“Nimefuta programu kwenye simu, hawatanikata pesa tena.” Watakukata. Usajili husitishwa pale ulipolipia: kama ni Google Play, nenda huko, kama ni kadi kwenye tovuti, ingia tovutini.

“Ya bure ni ya kuchezea.” Kwa barua, tafsiri na muhtasari, inatosha kabisa. Itumie wiki mbili kwa kazi halisi, ukiandika kila mara kikomo kinapokukatiza. Kikikukatiza karibu kila siku, lipia mwezi mmoja tu, kisha uangalie shilingi ngapi zimetoka baada ya ushuru na makato ya benki.